Conceição Hajui Kusoma

Fall River, Massachusetts
21 Januari 1973

Kaka Gualter,

Shikamoo, kama bado unazipokea zinazotoka kwangu. Huku wazima. Mwanangu Natália amejifungua mtoto wa pili, wa kike, akampa jina la marehemu mama yetu. Theluji imefikia madirisha ya chini. Mimi nakaa ghorofa ya tatu, kwa hiyo naitazama tu. Tangu mume wangu Laureano afariki sijabadili nyumba wala kiwanda. Bado nashona mikono ya makoti, ya kushoto peke yake. Ya kulia anashona mwanamke mmoja wa kisiwa cha Faial, na siku tukigombana makoti yanachelewa.

Barua hii nimeiandika mwenyewe. Zile za nyuma aliziandika Laureano, baadaye Natália, na wote wawili walikuwa wakipunguza makali. Hii haijapunguzwa. Tangu Septemba nasoma darasa la watu wazima katika chumba cha chini cha ukumbi wa Udugu wa Roho Mtakatifu, Jumanne na Alhamisi tukitoka kazini. Mwalimu wetu ni Dona Zulmira, mzaliwa wa hapa, wazazi wake watu wa kisiwa cha Pico. Kwanza anatufundisha kusoma Kireno chetu, halafu ndipo Kiingereza.

Sasa neno lililonikalisha mezani. Belmira, aliyekuwa jirani yako, amerudi huku baada ya kula Krismasi kwenu. Anasema unatangaza dukani kwamba nimekataa uraia wa Marekani makusudi, ili nisikuite wewe na nyumba yako. Sijakataa. Hujaniomba. Kama una ombi liandike, na uliandike kwangu, si kwa watu waliokuja kununua mafuta ya taa.

Anasema pia alimwona wifi Conceição mkono umefungwa kitambaa shingoni. Amepatwa na nini?

Mimi dada yako,
Deolinda


São Jorge, Azori
25 Februari 1973

Mdogo wangu Deolinda,

Marahaba. Hapa watu wazima, ng'ombe wazima, bei ya jibini mgonjwa. Mimi bado katibu wa ushirika, kwa sababu hawajampata mwingine anayeweza kuandika kumbukumbu za mkutano bila kufutafuta.

Barua yako nakurudishia ndani ya bahasha hii. Nimeisahihisha kwa wino mwekundu. Usinune, ni kwa faida yako. Mtu anayeanza kuandika na miaka arobaini na sita hawezi kuyaona makosa yake mwenyewe. Ni mengi mpaka ukurasa wa pili nimeuacha nusu.

Umetaka ombi. Hili hapa, ingawa haikunipasa mimi mkubwa kukuomba wewe. Hermínio atatimiza miaka kumi na minane Mei ya mwakani. Akishatimiza, jeshi linamwandika, na kijana aliyeandikwa hapewi pasi ya kusafiri. Mwana wa Evaristo amerudi mwezi huu kutoka vitani Guinea katika sanduku la zinki, na mama yake hakuruhusiwa kulifungua. Wa seremala yuko Msumbiji, barua zake zimekoma tangu Novemba. Mimi nina mtoto mmoja.

Raia wa Marekani anaweza kumwita ndugu yake pamoja na mke na watoto. Asiye raia hawezi. Wewe una haki ya kufanya mtihani tangu mwaka juzi, na badala yake umekaa chini ya ukumbi unajifunza Kireno, lugha unayoisema tangu uache kunyonya. Mtihani ni wa Kiingereza. Acha upuuzi huo, kariri majibu kama wenzako walivyokariri, kafanye mtihani.

Conceição alianguka kwenye ukuta wa malisho.

Kaka yako,
Gualter


Fall River
18 Machi 1973

Kaka Gualter,

Shikamoo. Huku kikohozi kimepita nyumba kwa nyumba, nami nikapata fungu langu. Mjukuu anakua. Evaristo na mkewe nimewaandikia kuwapa pole.

Barua uliyoirudisha imefika. Niliipeleka darasani. Dona Zulmira akaibandika ukutani, akasema tangu aanze kufundisha hajawahi kupata zoezi zuri kama hili. Tumeisoma kwa zamu, maneno yangu kwanza, halafu wino wako. Mzee Amâncio, aliyekuwa mwinda nyangumi na sasa hana jino hata moja, akauliza:

"Huyu ni kaka yako au ofisa wa forodha?"

Nikamwambia kaka yangu, tumbo moja.

"Na anakuomba kitu, au anakudai?"

"Ananiomba."

"Basi huko kwenu mnaombana kwa fimbo," akasema, na darasa zima likacheka mpaka mlinzi wa ukumbi akashuka kutazama.

Kuhusu Kireno kwanza. Hiyo ni kanuni ya Dona Zulmira: hakuna anayepanda chumba cha Kiingereza kabla hajaweza kusoma katika lugha anayosalia na kutukania. Waliokariri majibu tumewaona. Mama mmoja wa kisiwa cha Terceira alikariri yote kwa mpangilio. Ofisa akaanza na swali la kumi, mumewe anaitwa nani, naye akajibu George Washington. Akarudishwa nyumbani kwa mume wake mwingine. Nitafanya mtihani siku Dona Zulmira atakaponiambia niko tayari. Wewe huna sauti hapo.

Sasa hilo la kuanza na miaka arobaini na sita. Nilianza na miaka saba, na unajua. Nilikuwa nimefika herufi ya M. Ulikuja mlangoni, una miaka kumi na mitatu, umevaa viatu vya baba, ukamwambia mwalimu, "Huyu haji tena. Msichana akijua kuandika, ataandikia wanaume." Mwalimu akakuuliza, "Baba yako ndiye amesema?" Ukasema ndiye. Baba wiki ile nzima alikuwa malisho ya juu, na aliposhuka aliniuliza mimi kwa nini siendi shule. Nataka unijibu hilo. Hata mstari mmoja unatosha.

Ule ukuta wa malisho nimekulia ubavuni mwake. Unanifika kiunoni. Mtu anaangukaje hapo akavunjika mkono?

Halafu niambie: wifi anajua kusoma siku hizi?

Deolinda


São Jorge
20 Mei 1973

Deolinda,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi na kwa sababu ya hasira. Wazima.

Umenitundika ukutani kama ngozi ya mbuzi. Habari imevuka bahari kabla ya barua yako. Binamu wa Belmira aliyeko huko amemwandikia dada yake, dada yake amemsomea padri, na Jumapili wakati natoka kanisani padri kaniuliza kama nina wino mwekundu wa kumwazima. Mimi nimeheshimiwa parokia hii tangu kabla hujaolewa.

Habari za shule ni za miaka arobaini iliyopita. Baba hayupo wa kuulizwa.

Conceição hajui kusoma na hana haja ya kujua. Anajua kukamua, anajua kuoka, anajua kunyamaza. Unauliza ili kunidharau na sitakuruhusu.

Hermínio amerefuka. Kofia yangu inamtosha. Kila nikimwona anapita na maziwa nahesabu miezi, na kila nikihesabu nakukuta wewe umekaa katikati ya hesabu. Mtihani lini?

Gualter


São Jorge
15 Julai 1973

Deolinda,

Sijapata jibu. Nasikia darasa lenu limefungwa kwa sababu chumba kinatakiwa kupikia supu za sikukuu ya Roho Mtakatifu. Roho Mtakatifu hakukuomba uache mtihani kwa ajili ya masufuria.

Lini?

Gualter


São Jorge
2 Septemba 1973

Deolinda,

Jana wamemleta wa seremala. Zinki.

Lini?

G.


Fall River
7 Oktoba 1973

Kaka Gualter,

Shikamoo. Huku wazima. Natália amehamia mtaa wa pili, tunaonana kila jioni, na hilo limetosha kutugombanisha. Mpe seremala mkono wangu wa pole.

Kweli masufuria yalikuwa pale, na mmoja wa waliokoroga ni mimi. Nilikuwa na nadhiri tangu Laureano alipougua, kuwalisha watu supu na mkate miaka mitatu mfululizo kwenye sikukuu. Laureano hakupona, lakini nadhiri sikuifunga kwenye kupona kwake, niliifunga kwenye kutoteseka. Hii ilikuwa ya tatu. Sitaki kuulizwa tena.

Mtihani nimeufanya. Ofisini Boston, mbele ya kijana mwenye tai na mafua. Akaniuliza sheria hutungwa na nani, nikamwambia. Akaniuliza rais akifa anashika nani, nikamwambia. Akanitajia sentensi niandike, kwamba mwanamke huyu ana kazi. Nikaandika. Akaitazama karatasi, akanitazama.

"Kwa nini ulingoja miaka saba?"

"Nilikuwa nashona."

"Unashona nini?"

"Mikono ya kushoto."

Akacheka, akapenga kamasi, akagonga muhuri. Nimeapa mwezi uliopita, na siku iliyofuata nikapeleka barua ya mwito. Ina majina matatu: lako, la Conceição, la Hermínio. Dona Zulmira anasema kabla ya Pasaka mtaitwa kwenye ubalozi mdogo wa Marekani, Ponta Delgada. Kwa hiyo mtoto ana nafasi ya kutoka kabla ya Mei. Sehemu yangu imekwisha.

Sasa sikiliza sehemu yako. Sheria ya Marekani inasema mtu aliyezidi miaka kumi na sita, akiitwa na ndugu, lazima ajue kusoma lugha moja, yoyote ile. Ofisa atampa kila mmoja wenu kadi ya Kireno, naye aisome mbele yake. Asiyeweza, hapiti. Mimi nilipita bila kadi kwa sababu niliitwa na mume. Nyinyi mnaitwa na dada. Wewe utasoma. Hermínio atasoma. Mkeo je?

Sheria hii Dona Zulmira alinieleza Februari. Machi nikakuuliza kama wifi anajua kusoma. Ukanijibu anajua kunyamaza. Basi na mimi nikanyamaza.

Deolinda


São Jorge
4 Novemba 1973

Deolinda,

Sina salamu.

Nimekwenda mjini Velas kwa wakala wa safari. Amethibitisha. Alikuwa na kitabu cha sheria mezani na alinisomea polepole, kana kwamba mimi ndiye nisiyejua. Ulijua tangu Februari. Miezi minane umekaa na neno hilo mdomoni ili uone nitakavyohangaika. Mama angekuona angejifunika uso.

Wakala anasema naweza kutangulia na mtoto, mke akabaki mpaka ajifunze. Nimemwambia haiwezekani. Huko nitapikiwa na nani? Nitafuliwa na nani, wewe? Mwanamke haachwi nyuma na nyumba na ng'ombe kama mjane. Watu watasema nini.

Nimeanza kumfundisha mwenyewe. Nina vitabu vyangu vya darasa la nne, nilipasi kwa sifa. Anaketi mbele yangu kila baada ya chakula cha jioni, na hivi ndivyo tunavyokwenda:

"Hii ni nini?"

"B."

"Jana nilikwambia ni D."

"Jana ulipiga meza, taa ikaruka. Sikuona."

"Sasa taa imetulia. Ni nini?"

"Wewe ndiye unayejua. Unaniuliza mimi ya nini?"

Alhamisi alifunga kitabu, akaenda kwa ng'ombe, hakurudi mpaka nilipolala. Hermínio anatazama dari. Bibi mwalimu wa shule ya hapa angeweza kumfundisha, lakini siendi kusimama mlangoni mwa shule kuomba.

Wewe una watu wanaojua kufundisha vichwa vigumu. Fanya utakavyofanya. Kumbuka ni kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili yangu.

Gualter


Fall River
25 Novemba 1973

Kaka Gualter,

Shikamoo. Wazima.

Hukusema tafadhali, na sikuitegemea. Nakuletea bahasha nene. Ni karatasi za Dona Zulmira, zile zile tulizoanza nazo sisi. Hakuna farasi wala mfalme humo. Kuna mkate, ndoo, maziwa, mvua, mlango, vitu ambavyo mtu anavijua kabla ya kuviona vimeandikwa. Nimeongeza zangu kumi kuhusu ng'ombe, kwa sababu Dona Zulmira hawajui.

Masharti yangu ni haya. Wifi akisoma, wewe uko nje. Sitaki uwe mlangoni wala dirishani. Nenda kwenye ushirika ukaandike kumbukumbu zako. Karatasi anazoniandikia zinatoka kama zilivyo, bila wino wako. Nikiona alama moja nyekundu, naenda Boston naondoa barua ya mwito. Najua njia, na sasa najua kusoma vibao.

Usinijibu wewe. Anijibu yeye.

Mkono wake umepona?

Deolinda


(Karatasi iliyokunjwa ndani ya bahasha hiyo)

Wifi Conceição,

Hermínio akusomee hii mara ya kwanza, na hii tu. Nyingine zote soma mwenyewe.

Mimi nilianza kwa aibu. Wiki ya kwanza nilidhani kila aliyeko chumbani ananicheka, kumbe kila mmoja alikuwa anadhani hivyo hivyo. Usiharakishe. Shika herufi moja mpaka ikuchoshe, ndipo uende nyingine.

Sheria nakueleza wewe kama ilivyo, sirudii. Anayesoma kadi anapita. Asiyesoma anabaki, na waliosoma wanaweza kwenda bila yeye. Mwezi, mwaka, hata zaidi. Hakuna anayemlazimisha ofisa, si mume wala padri. Ofisa hamsikilizi mwingine ila aliyeshika kadi.

Wifi yako,
Deolinda


São Jorge
10 Februari 1974

Deolinda,

Ulisema nisikuandikie. Nakuandikia kwa sababu kuna tarehe. Tumeitwa Ponta Delgada, tarehe ishirini na tano Machi, sote watatu.

Nimetimiza masharti yako, na kijiji kizima kinajua nimeyatimiza. Kila jioni nafukuzwa jikoni kwangu. Nimekaa ushirika mpaka mlinzi akaniuliza kama nimegombana na mke. Juzi nilirudi mapema nikasikia anacheka peke yake. Nikaingia.

"Unacheka nini?"

"Ng'ombe wa Deolinda."

"Nisomee nami nicheke."

"Haichekeshi kwa sauti."

Jumapili nilimpima. Nikampa tangazo la ushirika, akalisoma lote mpaka sahihi yangu, halafu akaniuliza kwa nini nimeandika kwamba bei imepangwa na wanachama wakati tuliipanga watu watatu. Kwa hiyo anajua kusoma, na zaidi ya anavyohitaji. Kazi hiyo imekwisha. Usimpelekee karatasi tena.

Ng'ombe nimepata mnunuzi, lakini anataka kuwachukua Aprili. Andaa vitanda vitatu.

Gualter


Ponta Delgada
26 Machi 1974

Deolinda,

Nakuandikia kutoka nyumba ya wageni, Conceição amelala au anajifanya amelala.

Jana tulikuwa kwa ofisa. Mimi nilisoma, akaniambia vizuri. Hermínio akasoma, akaambiwa vizuri. Conceição akapewa kadi. Aliishika kwa mikono miwili kama sahani ya moto, akaitazama muda, akairudisha.

"Bwana, sijui."

Nikamwambia, "Unajua, soma." Ofisa akaninyamazisha. Akamwambia mwenyewe, kwa upole, kwa Kireno chake kibovu, "Mama, chukua muda." Akampa kadi nyingine, fupi. Akairudisha vile vile.

"Sijui, bwana. Mimi ni mtu wa ng'ombe."

Nilimgusa mguu chini ya kiti. Hakugeuka. Ofisa akasema wanawake wengi huogopa chumba kile, anaweza kujaribu tena baada ya mwaka. Basi ameogopa. Ni hofu tu, kila mtu ataelewa kuwa ni hofu. Nyumbani alisoma, hapa hofu ikamfunga. Hivyo ndivyo ilivyokuwa na hivyo ndivyo utakavyomweleza yeyote atakayekuuliza huko.

Nilitaka tungoje sote. Ofisa akatazama tarehe ya kuzaliwa ya Hermínio, akanitazama mimi, akauliza kama nina hakika. Sina nafasi ya kungoja. Mei iko mlangoni. Mimi na mtoto tunaondoka tarehe kumi na nane Aprili kupitia uwanja wa ndege wa Santa Maria. Ng'ombe nitauza wengine, wawili nimwachie. Tutakaa kwako mpaka atakapokuja.

Gualter


Fall River
7 Aprili 1974

Kaka Gualter,

Shikamoo. Barua hii nimeituma kwa haraka ikukute kabla hujaondoka.

Njoo. Hermínio atalala chumba chenye dirisha la mtaani. Wewe kitanda chako kiko jikoni, kinakunjwa asubuhi. Kiwanda cha rangi kinachukua watu wa umri wako kwa kazi ya kufagia, nimeshasema nao. Chakula napika Jumapili. Siku nyingine kila mtu anajipikia. Nguo zinafuliwa na mashine, iko chini, na maelekezo yamebandikwa juu yake kwa Kiingereza.

Swali langu la Machi ya mwaka jana, lile la mlangoni mwa shule, hukulijibu. Sasa utakuwa mezani kwangu kila siku, na nitakuuliza tukitazamana.

Deolinda


São Jorge
21 Aprili 1974

Wifi Deolinda,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Mvua imenyesha siku tatu na malisho yamekuwa mazuri. Wao watakuwa wameshafika, kwa hiyo ya safari utayasikia huko.

Nataka uyajue ya kwa ofisa kutoka kwangu. Ile kadi niliisoma kabla hajaiachia mkononi mwangu. Ilikuwa mistari minne, ya mtu aliyepanda mizabibu. Nikaisoma tena, kwa sababu mara ya kwanza nilifurahi mno sikushika maana. Halafu nikamwambia sijui. Gualter akanipiga teke, nikajua yule ofisa ameona. Ndiyo maana akanipa ile ya pili taratibu, akaniangalia usoni muda mrefu. Nayo niliisoma. Nikamwambia sijui. Nadhani alielewa, lakini hakusema, akaandika.

Hermínio anajua. Alinisikia mara nyingi nikisoma zizini. Siku ya kuondoka tulikuwa peke yetu jikoni, akaniuliza, "Mama, kweli ulisahau?" Nikamwambia, "Wewe nenda." Akasimama pale na kofia ya baba yake mkononi. Akasema, "Nitakuandikia wewe, si yeye." Nikamwambia aandike herufi kubwa. Nilimtoa mwanangu kwa mkono huu uliopona vibaya, na sikulia mpaka basi lilipokata kona. Hilo ndilo nililolipa. Lakini hawatamleta katika zinki.

Anakula mikate mitatu asubuhi. Akikwambia ameshiba, usimwamini. Miguu yake hupata baridi.

Kaka yako nisamehe kwa kukuletea. Ukiona anatafuta kofia, usimtafutie, anajua ilipo. Usiku asipopata chumvi kwenye supu anasukuma sahani. Ikisukumwa, iache hapo hapo ilipofika.

Mimi nina ng'ombe wawili, wananitosha. Maziwa napeleka mwenyewe, na risiti nikipewa nasimama pale pale kaunta naisoma mpaka mwisho, wanaume nyuma yangu wakingoja. Jioni nakula ninapotaka. Ukuta wa malisho umebomoka kidogo upande wa bahari, na nimeuacha.

Atakwambia uniandikie nijiandae kwa kadi ya mwakani. Akikuuliza nimefika wapi, mwambie bado niko kwenye A.

Conceição